TAHARIRI: Umma ulioamrishwa kusoma unasoma nini leo?

Shukrani zote njema anazistahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili, ulimi na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila mwaka, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, huingia katika simu zetu ujumbe mmoja ule ule. Unadai kwamba Mtume (SAW) amesema kuwa mtu wa kwanza kuwapa wenzake habari ya kuingia Ramadhani ataharamishiwa Moto. Wanavyuoni wa hadithi wameeleza mara nyingi kwamba maneno hayo hayana asili. Hayamo katika vitabu vya Sunna vinavyotegemewa, wala hayana isnadi ya kuchunguzwa. Pamoja na hayo, ujumbe unarudi. Ulipoingia mara ya mwisho ulitufikia mara tatu baina ya Magharibi na Isha katika kundi la WhatsApp la msikiti wetu, na mmoja wa waliousambaza alikuwa mwalimu mwenzetu wa madrasa. Tulipomuuliza kama ameusoma, alitujibu kwa ukweli uliotuhuzunisha: "Nimeuona, nikaona una jina la Mtume, nikautuma."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika tahariri hii. Mwenzetu hakusema ameusoma, alisema ameuona. Baina ya maneno hayo mawili ndipo ulipo msiba tunaotaka kuuzungumzia. Neno la kwanza la wahyi alilopewa Mtume (SAW) katika pango la Hiraa lilikuwa ni amri ya kusoma. Umma uliofunguliwa kwa amri hiyo leo unapitisha machoni maneno mengi kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na hapana budi tujiulize: je, bado unasoma?

WARAKA WA MWAKA 1908

Asidhani mtu kwamba maradhi haya yameletwa na simu. Mwaka 1908, Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani na majeraha ya vita vya Maji Maji (1905–1907) yakiwa bado mabichi, palizuka Lindi na kuenea sehemu nyingine za pwani waraka ulionasibishwa na mtu aitwaye Sheikh Ahmad, ambaye ilidaiwa kuwa ni mtunzaji wa kaburi la Mtume (SAW) mjini Madina. Waraka ulisimulia ndoto, maonyo na kukaribia kwa Kiyama, na ukawataka watu watubie. Ulinakiliwa, ukasomwa mbele za watu, na serikali ya Kijerumani ikaingiwa na hofu kwamba huo ni wito wa uasi mpya.

Waraka wa Sheikh Ahmad haukufa na utawala wa Wajerumani. Sheikh Rashid Ridha wa Misri aliukanusha katika jarida lake la Al-Manar, na miaka mingi baadaye Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia akaandika risala maalumu ya kuubatilisha. Sisi tuliokuwa watoto wa chuoni mwishoni mwa miaka ya 1990 tuliukuta katika karatasi za fotokopi zilizofifia, ukiahidi mali kwa atakayezitoa nakala na kumtishia kwa msiba atakayeupuuza. Zilipokuja simu za mkononi ukakatwa vipande vifupi na kutumwa kwa ujumbe mfupi. Leo uko ndani ya WhatsApp, umepambwa kwa picha ya Msikiti wa Madina na maua pembeni.

Uongo ni ule ule, na hofu inayoubeba ni ile ile. Kilichobadilika ni gharama yake. Mtu wa zama zile aliyetaka kuueneza waraka kwa mkono alikaa kitako na kalamu na wino, akaandika neno baada ya neno. Kwa uchache aliusoma mara moja, na huenda katikati ya kuandika akapata wasaa wa kujiuliza kama anayoyaandika yanaingia akilini. Aliyeutoa fotokopi alitembea hadi dukani na kutoa fedha mfukoni. Anayeutuma leo anahitaji kidole gumba peke yake, wala halazimiki kuufungua. Kwa mara ya kwanza katika historia ya maandishi, mtu anaweza kulieneza andiko kwa mamia ya watu bila ya yeye mwenyewe kulisoma hata mstari mmoja.

Hata wenye mtandao huo wameiona hatari hii. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa nchini India kwa sababu ya uvumi uliosambaa katika simu, WhatsApp iliwawekea watumiaji wa nchi hiyo mpaka wa kusambaza ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mara moja. Januari 2019 mpaka huo ukawekwa kwa dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukazuiliwa kutumwa zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Inatia haya kwamba kampuni ya kibiashara imelazimika kutuwekea sisi kizuizi ambacho Suratul-Hujurat, katika aya yake ya 6, ilikwisha kutuwekea kwa kutuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

KUSOMA NA KUPERUZI

Katika Kiswahili cha wazee wetu neno "chuo" lilikuwa na maana mbili: kitabu, na mahali pa kufundishiwa. Mtoto alikwenda chuoni, na mkononi alishika chuo. Lugha haikutenganisha kitabu na kikao cha mwalimu. Vivyo hivyo neno "kusoma" lilibeba kutamka maandishi na kujifunza kwa pamoja. Tukisema "fulani amesoma", hatukusudii kwamba macho yake yamepita juu ya herufi, bali kwamba ana elimu. Siku hizi tumepata neno jingine, "kuperuzi", nalo ni neno la kweli, kwani linataja hasa jambo tunalolifanya: kupita juu juu, kugusa hapa na pale, na kuondoka.

Kuperuzi si dhambi. Mtu anayetafuta bei ya saruji au saa ya kuondoka kwa basi hahitaji zaidi ya hapo. Hatari ni pale kuperuzi kunapokuwa ndiyo njia yetu ya pekee, tukaingia nayo katika Qur'ani, katika hadithi, katika hukumu za ndoa na mirathi. Mwenye mazoea ya mistari mitatu huona ukurasa mmoja ni mzigo, na mwenye kuona ukurasa ni mzigo hawezi kufuata hoja yenye dalili, majibu ya dalili, na hitimisho.

Wataalamu wa elimu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 54 zilizofanywa baina ya mwaka 2000 na 2017, zikihusu wasomaji zaidi ya 170,000, kulinganisha kusoma kwenye karatasi na kusoma kwenye kioo cha kompyuta au simu. Walikuta kwamba katika maandishi ya kuelimisha, waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, na pengo lilikuwa kubwa pale wasomaji walipobanwa na muda. Katika hadithi za kusimulia tofauti hiyo haikuonekana. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba pengo halikupungua kadiri watu walivyozoea vioo, liliongezeka. Hatusemi kwamba karatasi ina baraka ambayo kioo hakina. Tunalolifahamu ni kwamba tumejizoesha kukiendea kioo kwa haraka, na haraka hiyo tunaibeba hata pale panapohitaji utulivu.

KOSA LETU WENYEWE

Isije ikadhaniwa kwamba tunawanyooshea vidole wengine na kujitoa sisi. Tutasimulia lililotutokea, kwani mwenye kuficha kosa lake hana haki ya kuwasahihisha wenzake.

Alasiri moja, baada ya darsa, alitujia muumini mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amewakopesha wateja mabati na saruji. Wadaiwa wote wanalikiri deni na wana uwezo wa kulipa. Akauliza: je, madeni hayo ayahesabu anapotoa zaka? Tulifungua programu ya vitabu vya Kiarabu katika simu, tukaandika maneno mawili tu, zaka na deni, na kwa kupepesa jicho yakatoka majibu kwa mamia. Tukachagua sentensi moja iliyo wazi kutoka katika kitabu kinachoheshimiwa, isemayo kwamba mali iliyo kwa watu haina zaka. Tukamjibu hivyo, na yeye akaenda akayatoa madeni katika hesabu yake.

Wiki mbili baadaye alitujia mzee mmoja wa msikiti, ambaye alikisoma kitabu hicho mbele ya sheikh wake kuanzia bismillahi yake hadi mwisho. Alikuja na juzuu yenyewe, imefungwa kwa kitambaa. Hakutukaripia. Alikaa, akafungua, akasema: "Maalim, hebu nisomee hapa," akaweka kidole mstari mmoja na nusu juu ya sentensi yetu. Hapo palikuwa pameandikwa kwamba hayo ni maneno ya baadhi ya wanavyuoni. Tukaendelea chini kwa sauti mbele yake: mwandishi anaitaja dalili yao, kisha anaijibu, kisha anahitimisha kwamba deni lililo kwa mtu anayelikiri na mwenye uwezo wa kulipa huhesabiwa katika zaka. Tulichokitoa kuwa ni kauli ya kitabu kilikuwa ni kauli ambayo kitabu kimeiandika ili kuijibu. Kioo kilituonyesha mstari wenye maneno yetu mawili yakiwa yametiwa rangi ya njano, nasi tukatosheka.

Asubuhi yake tulikwenda dukani, tukamueleza mwenye duka kwamba tumekosea na vipi tumekosea. Alikadiria upya na akatoa kilichobaki, bila ya manung'uniko. Lakini kwa wiki mbili zile masikini walikuwa wamezuiliwa haki yao kwa ulimi wetu, na lau si mzee yule na kitabu chake cha kitambaani, wangezuiliwa mwaka baada ya mwaka. Tumesoma miaka mingi kwa Kiarabu, tumepata shahada, na bado kidole kilitutangulia akili. Basi itakuwaje kwa kijana ambaye hana lugha wala mwalimu?

WALIOTUTANGULIA WALIIJUA HATARI HII

Hatari ya andiko lisilo na mwalimu waliijua wanavyuoni wetu tangu karne za mwanzo, na waliipa jina: tas'hifi. Maandishi ya Kiarabu ya zama zile aghalabu hayakuwa na nukta, hivyo ba, ta, tha, nuni na ya zilifanana zikiwa katikati ya neno. Mtu aliyechukua elimu kutoka katika karatasi peke yake, bila ya kusikia kwa sheikh, alikuwa akisoma neno moja kwa sura ya jingine.

Mfano wake maarufu unatuhusu kila mwaka. Sote tunaijua hadithi ya Abu Ayyub (RA) inayotaja fadhila za anayefunga Ramadhani kisha akafuatisha siku sita za Shawwal. Ibn Salah, katika kitabu chake cha elimu ya hadithi, anataja kwamba mwanachuoni wa adabu Abu Bakr As-Suli aliisoma hadithi hiyo mbele ya watu, na mahali penye neno "sitta", yaani sita, yeye akasoma "shay'an", yaani kitu kidogo. Nukta chache tu zikaigeuza ibada yenye idadi kuwa ibada isiyo na idadi. Wanavyuoni hawakulinyamazia jambo hilo. Waliandika vitabu mahususi vya kukusanya makosa ya namna hii, kama alivyofanya Abu Ahmad Al-Askari, aliyefariki mwaka 382 Hijria.

Dawa waliyoiweka ilikuwa ni kuliunganisha andiko na watu. Zaid bin Thabit (RA) alipokabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani baada ya vita vya Yamama, naye ni mwenye kuihifadhi kifuani, hakutosheka na kipande kilichoandikwa mpaka kithibitike kwa ushahidi. Wapokezi wa hadithi walisema nani kamsikia nani, lini na wapi. Mwanafunzi hakuruhusiwa kukifundisha kitabu mpaka akisome kwa sheikh na kupewa ijaza. Imamu Muslim naye, katika utangulizi wa Sahihi yake, ameiweka hadithi inayotufahamisha kwamba mtu kusimulia kila anachokisikia ni katika uongo unaomtosha. Tuupime ujumbe unaotufikia kwa mizani hiyo: aliyeusema hajulikani, aliyeuandika hajulikani, na aliyetutumia ameupata kwa mtu asiyejua ulikotoka. Kwa kipimo cha watu wa hadithi, haufiki hata mlangoni.

NANI ANAHESABIWA KUWA ANAJUA KUSOMA?

Katika pwani yetu kusoma kumegeuka sura zaidi ya mara moja, na kila mgeuko ulikuwa na faida na hasara zake. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliweka kiwanda cha uchapaji Unguja na kuchapisha vitabu vya dini. Zilipokuja skuli za wakoloni na hati za Kirumi, mzee aliyeandika barua, hesabu na mashairi yake kwa hati za Kiarabu alijikuta ofisini akitazamwa kama asiyejua kusoma. Hakusahau chochote, kilichobadilika ni kipimo. Hilo litufundishe tusiwe wepesi wa kuwadharau vijana wa leo kwa sababu tu wanasoma kwa chombo tusichokizoea.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliliona hilo mapema. Mwaka 1930 alianzisha karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, ili Waislamu wa kawaida wasome kwa lugha yao mambo ya dini na ya dunia yao. Hakuogopa chombo kipya. Alikitumia, akawafundisha watu kufikiri. Sheikh Abdalla Saleh Al-Farsy naye, tafsiri yake ya Qur'ani ilipochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1969, alimwezesha Mswahili asiyejua Kiarabu kuifuata maana ya kila aya pamoja na maelezo yake.

Kisha ikaja kampeni ya kisomo cha watu wazima. Kwa hesabu za serikali ya Tanzania, kufikia mwaka 1986 waliokuwa hawajui kusoma na kuandika walikuwa wamebaki chini ya watu 10 kwa kila 100. Ilikuwa ni kazi kubwa yenye kusifiwa. Lakini kusoma ni kama kisima: kisipotekwa hujaa mchanga. Wengi waliohitimu kisomo hawakuwa na kitabu wala gazeti la kuendelea nalo, wakasahau. Na kwa upande wa watoto, upimaji wa Uwezo ulioanza mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu walikuwa hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukarudishwa katika msingi wa kusoma, kuandika na kuhesabu.

Katika madrasa zetu tunaliona lile lile kwa sura nyingine. Tunao watoto wanaokamilisha msahafu kwa tajwidi nzuri, kisha ukimpa mmoja wao ukurasa wa Kiswahili na kumwambia akueleze ulichosema, hunyamaza. Ametamka kila neno, na hakuna neno lililobaki. Tunao vijana ambao wakiandika "sasa" huandika "xaxa", na wanapotakiwa kuandika barua ya maombi ya kazi hushindwa kukamilisha aya moja. Na tunao akina mama ambao kwa ujumbe wa sauti wamepata njia ya kuuliza masuala ya dini bila ya kumuomba mtu awaandikie. Hilo ni jambo la kheri. Lakini pia limewaondolea baadhi yao haja iliyokuwa ikiwaleta katika darasa la kusoma na kuandika. Chombo kimoja kimefungua mlango na kufunga mwingine.

NEEMA ISIYOFAA KUKANUSHWA

Uadilifu unatulazimisha tuitaje pia neema. Vitabu ambavyo zamani mwanafunzi wa pwani alivisikia kwa jina tu, au alivisafiria hadi Cairo na Madina, leo vimo kwa maelfu katika Maktaba ya Shamila, bila ya malipo. Mvuvi anaweza kuwa na tafsiri ya Qur'ani mfukoni akiwa baharini. Mwenye macho dhaifu anakuza herufi, na kipofu anasomewa. Mwalimu wa kijijini, ambaye mshahara wake haununui juzuu moja, anaweza kuyapata anayoyahitaji kwa bei ya bando. Mwenye kuikataza neema hii kwa jumla amewakataza watu elimu, na hatutakuwa miongoni mwao.

Hata jarida hili mnalolishika linapigwa picha na kurushwa katika makundi, nasi tunafurahi. Ila tumeona kwamba aghalabu hurushwa kichwa cha habari na aya ya kwanza, na mjadala mkali huanza baina ya watu ambao hawajafika aya ya pili.

TUFANYE NINI?

Kulalamika peke yake hakujengi. Tunapendekeza kwa misikiti na familia zetu mambo matano yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, usitume usichokisoma hadi mwisho. Na ukishakisoma, jiulize maswali matatu: nani amesema, katika kitabu gani, na je, haya ndiyo maneno yake kamili? Likikosekana jibu la moja, nyamaza. Viongozi wa makundi ya WhatsApp ya misikiti waifanye hii kuwa ni kanuni, na wamwendee kwa upole anayeivunja, kwani wengi huvunja kwa kupenda kheri.

Pili, kila msikiti uwe na halaka ya kitabu kimoja kinachosomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Arubaini za Imamu Nawawi zina hadithi 42. Tukisoma moja kwa wiki, tutazimaliza kabla ya mwaka kuisha. Wasomaji wapokezane, mwalimu asahihishe na afafanue, na simu zikae mfukoni kwa muda huo mfupi. Akina mama wawe na halaka yao kwa wakati unaowafaa wao, si kwa wakati uliobaki.

Tatu, katika madrasa, mtoto akishasoma aeleze kwa maneno yake alichokisoma, na kila wiki aandike ukurasa mmoja kwa mkono wake, kwa Kiswahili kilicho sahihi. Tuwafundishe hati zote mbili. Kuhifadhi na kufahamu ni ndugu; tusimlee mmoja na kumtupa mwingine.

Nne, tuzifungue maktaba za misikiti. Misikiti mingi ina kabati la vitabu vya wakfu, na ufunguo uko kwa mtu mmoja ambaye hayupo. Kitabu kilichofungiwa kinaliwa na mchwa, na aliyekiweka wakfu anakosa thawabu alizozitarajia. Ateuliwe kijana mwaminifu, pawe na daftari la kuazima, na kabati liwe wazi baina ya Alasiri na Magharibi.

Tano, na hili ni letu sisi walimu: tunapotafuta katika simu, tusome ukurasa ulio kabla na ulio baada ya mstari tulioupata. Tukiulizwa na hatuna uhakika, tuseme hatujui mpaka tutazame. Muumini anayesubiri jibu hadi Ijumaa ijayo hakudhulumiwa. Aliyedhulumiwa ni yule aliyepewa jibu la haraka lenye kosa.

Mzazi naye ana sehemu yake. Mtoto hujifunza kusoma kwa kuwaona wakubwa wakisoma. Ikiwa kila jioni anamuona baba ameinamia kioo, akicheka peke yake na kupitisha kidole, hakuna mawaidha yatakayomshawishi kwamba kitabu kina thamani. Robo saa ya kusoma pamoja nyumbani, hata kwa kupokezana simu yenye kitabu kamili ndani yake, itafanya kazi ambayo hotuba zetu hazitaifanya.

Ndugu Waislamu, ujumbe wa kutangaza Ramadhani utatufikia tena; hilo hatuna shaka nalo. Waraka wa Sheikh Ahmad umevuka zaidi ya miaka mia moja na utawala baada ya utawala, na huenda ukaja kwa chombo ambacho sisi bado hatukijui. Hatuwezi kuizuia mikono yote ya dunia. Tunaweza kuuzuia mkono wetu. Ukifika katika simu yako, ewe msomaji, usome. Uusome wote, utafute asili yake, na ukikosa asili, uwe wewe ndiye mahali uliposimama.

Tunamuomba Allah (SW) atupe elimu yenye manufaa, atuhifadhi na ulimi unaotangulia moyo, awarehemu masheikh zetu waliotushika mikono herufi kwa herufi, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa wanaosoma wakafahamu, na wanaofahamu wakatenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.